Sweta la Mwakio

Naosha malori Miritini, nyuma ya ghala la saruji.
Mia tatu tela, mia kichwa,
na matope yanayoporomoka kwenye madigadi
nayajua kama mwenye duka ajuavyo mchele wake:
haya mekundu ni ya Voi,
haya ya kijivu yalilala Mariakani yakingoja mizani,
na haya meusi, mazito, yenye harufu ya kabichi,
haya yameshuka Taita na Mwakio.

Mwakio hupanda na mbolea, hushuka na mboga.
Joto yeye hulipima kwa sweta.
Alipoanza kazi, alilivaa Mwatate,
kabla gari halijaanza kuinama kwenye kona.
Miaka mitano baadaye, alilivaa katikati ya mlima,
penye maji yanayodondoka mwambani.
Mwaka huu kafika Wundanyi saa kumi na moja alfajiri
na shati la mikono mifupi, kifungo wazi,
sweta limelala nyuma ya kiti kama abiria
aliyepitishwa kituo chake.

Juzi kanipigia. Hata salamu hakutoa.
"Umenipandishia nini huku?"
Kisha picha: shamba la maharagwe la mamake, Mkamburi,
juu Mgange, ambako zamani hata mbu hakuwa na kwao.
Kati ya mistari, kimo cha goti,
jani la karoti, mzizi usio karoti,
na maua meupe, madogo,
kama chumvi iliyomwagwa na mtoto.

Nikageuza shingo tu.
Lilikuwa pale, kwenye mtaro wangu,
linakunywa maji ya sabuni na kunenepa.
Mejumaa, mwanangu, aliling'oa siku moja
kwa mchezo wa kupikapika,
akatoka vipele hadi kiwikoni;
nikampaka mafuta ya nazi, nikasahau.

"Mama anauliza jina lake."
Sisi hatujawahi kuliita.
"Mwambie ni gugu."
"Anasema magugu yote ya shamba lake anayajua,
huyu ni mtu mwingine."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu, siku ya tatu, jembe kalishika Mkamburi,
na ya nne, na mwezi wa nne,
na mgongo wake una miaka sabini na mmoja.
Zamani palikuwa na askari kule juu,
halipwi, halali: baridi.
Mbegu ilifika, ikaulizwa ukoo, ikafa.
Sasa lango li wazi
na kiti cha askari kimepata joto.

Usiku nikakaa na hesabu yangu.
Gari likishuka, wenyewe hulipa lioshwe,
nani atake kuingia mjini na uchafu wa shamba?
Gari likipanda, haoshi mtu.
Uchafu wa kwenda haumwaibishi yeyote.
Linakanyaga tope langu, tope la maji yangu mwenyewe,
linaondoka limebeba kwenye meno ya tairi
mtaro mzima wa Miritini.

Alhamisi nikamzuia na shehena yake, injini inanguruma.
"Zima."
"Nina mizani mbele."
"Zima. Bure."
Nikachukua msumari, nikachokoa mfereji mmoja mmoja,
magurudumu kumi na nane.
Malori mengine yalipita barabarani, sikuyahesabu.
Chini ya ukucha wa kidole gumba ikabaki mbegu moja,
nyeusi, ndogo kuliko nukta ya mwalimu.
Niliichoma kwa kiberiti. Ilikataa mara mbili.

Akacheka, akavuta kitu nyuma ya kiti.
"Shika. Kule juu halina kazi tena.
Lifanye tambara la tairi."
Sufu ya kijani, kiwiko kimetiwa kiraka na Mkamburi
kwa uzi wa buluu.

Msumari uleule nimeupigilia ukutani, nimelitundika.
Silitii maji.